“Nimeelewa” si jibu: namna ya kumsaidia mgonjwa azijue dawa zake na azimeze ipasavyo

Dirisha la Dawa (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Kazi yangu ni kutoa dawa, na neno ninalolisikia dirishani kuliko mengine yote ni “nimeelewa”. Mgonjwa hulitamka huku mfuko wa dawa umeshaingia kwapani na mwili umeshageukia mlangoni. Hoja yangu ni kwamba neno hilo tusilihesabu kuwa jibu. Mtu anaweza kulisema kwa heshima, kwa kuiona foleni iliyo nyuma yake, kwa kuwa homa imempanda na anataka kwenda kulala, au kwa kuwa kweli anaamini ameelewa. Na katika hali zote hizo, sisi tuliobaki upande wa pili wa dirisha hatujui lolote kuhusu kitakachoingia kinywani mwake kesho asubuhi.

Mwaka 2006 ulichapishwa nchini Marekani utafiti uliowahusisha wagonjwa 395, ambao walionyeshwa lebo za dawa na kuulizwa wangezitumiaje. Lebo mojawapo iliagiza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wagonjwa waliokuwa na uwezo mdogo wa kusoma, takriban asilimia 71 waliweza kulieleza agizo hilo sawasawa. Lakini walipoombwa waonyeshe idadi ya vidonge ambavyo wangemeza kwa siku nzima, waliofikisha vinne walikuwa takriban asilimia 35. Yaani kama nusu ya waliolisema agizo bila kosa walishindwa kuligeuza kuwa vidonge mkononi. Tangu niliposoma matokeo hayo, sijaona tena sababu ya kumuuliza mgonjwa “umeelewa?” na kuridhika na kichwa kinachotikiswa.

Tuyaangalie pia maandishi yetu wenyewe. Juu ya bahasha ya dawa tunaandika “1x3” na kujiona tumemaliza. Aliyesomea kazi hii anaisoma kuwa kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Asiyeisomea anaona hesabu ya kuzidisha, na hesabu ya kuzidisha ina jibu, ambalo ni tatu. Kwa hiyo anameza vitatu kwa mpigo na kuendelea na shughuli zake. Kwenye “2x3” mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuigeuza ikawa vitatu mara mbili, jumla ya siku ikabaki sita ileile, na kosa lisionekane hata vidonge vilivyosalia vikihesabiwa.

Saa nazo zina mtego wake. Tukimwambia mtu ameze dawa “kila saa nane”, anayo haki ya kusikia kwamba anameza inapofika saa nane, yaani saa nane mchana na, akiwa mtiifu sana, saa nane usiku. Tulichokusudia ni kuachanisha dozi kwa muda wa saa nane, jambo ambalo kwa ratiba ya binadamu wa kawaida lingekuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Saa hizo tatu zikiandikwa zilivyo, hakuna anayehitaji kufanya hesabu akiwa na homa.

Mfano ulio wazi zaidi ni dawa mseto ya malaria yenye artemether na lumefantrine. Dozi yake ni sita kwa siku tatu, na ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Mgonjwa aliyeanza saa mbili usiku anatakiwa kuamka saa kumi alfajiri kumeza ya pili. Ni nani atakayeamka saa kumi alfajiri kwa sababu ya alama mbili zilizoandikwa kwa haraka kwenye pakiti? Dawa hiyohiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na mgonjwa wa malaria mara nyingi hana hamu ya kula. Hayo ni mambo mawili ambayo yasipotajwa kwa kinywa, hayatajulikana.

Kwa hiyo ninachofanya ni kumpa mgonjwa vidonge vyake na kumwambia: “Mama, nataka nijihakikishie kama nimekueleza vizuri. Jioni ya leo utatoa vingapi kwenye pakiti hii, na utavimeza kabla au baada ya kula?” Swali limewekwa makusudi ili kosa likitokea liwe la kwangu mimi niliyeeleza. Akikosea, narudia kwa maneno mengine, kisha namwomba anionyeshe tena. Nakaribisha maoni ya wenzangu, hasa wanaoona kwamba utaratibu huu hauwezekani.

Tabibu wa Zamu

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana na nia yako, lakini naomba nikupinge kidogo. Kwanza, muda hautoshi. Mgonjwa mwenye dawa tano akiombwa aeleze kila moja, yule wa mwisho kwenye foleni ataondoka bila kuonwa, na mgonjwa aliyeondoka bila dawa ana hali mbaya kuliko aliyepewa maelezo mafupi. Pili, kuna suala la heshima. Mzee wa makamo ya baba yangu nikimwambia arudie nilichomwambia, ataona namfanya mtoto wa shule. Anaweza kuitikia kwa adabu zake zote na asirudi tena kwangu.

Tatu, na hili nalisema kama daktari, mgonjwa anaweza kurudia maelekezo bila kukosea hata neno na bado asimeze. Kukariri nako kusichukuliwe kuwa ndiyo jibu.

Dirisha la Dawa

Ndugu Tabibu, nashukuru kwa pingamizi hilo, nami nitaanza na lile la muda. Si kila dawa inahitaji uzito uleule. Mgonjwa anayekuja kuchukua kidonge kilekile cha presha alichokimeza miaka yote anahitaji swali moja tu, kama kuna kilichobadilika. Muda wangu nautunza kwa dawa ambazo kosa dogo linaweza kuua au kuharibu kiungo, na hizo si nyingi.

Methotrexate ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kwa mwenye ugonjwa wa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki. Lakini mazoea ya watu wote, wagonjwa na hata sisi watoa dawa, ni kwamba vidonge humezwa kila siku. Akiimeza kila siku, uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza chembe za damu, vidonda vinatokea mdomoni, na maambukizi ambayo mwili ungeyashinda kwa urahisi yanageuka kuwa hatari. Wapo waliopoteza maisha kwa kosa hili katika nchi zenye kila kifaa cha hospitali. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa mapendekezo mapya mahususi ya kulizuia, ikiwa ni pamoja na onyo kwenye vifungashio. Mimi huchagua siku pamoja na mgonjwa, siku ambayo ana jambo la kawaida linalomkumbusha, kisha naiandika kwa herufi kamili kwenye pakiti: “JUMATANO TU”. Kisha namuuliza: “Alhamisi utameza ngapi?” Jibu ninalolitafuta ni “hakuna”, na nisipolipata hatoki.

Nyingine katika kundi hilo ni insulini, warfarini inayozuia damu kuganda, dawa za kifafa, na dawa ya maji ya mtoto yeyote mdogo. Ukiondoa hizo na chache za aina hiyo, maelezo mafupi yanaweza kutosha.

Kuhusu wazee, hoja yako ni ya kweli na nimeipatia njia. Kwa mzee siulizi swali linalofanana na mtihani. Namwambia: “Shikamoo baba. Nyumbani ni nani anayekusaidia na dawa? Basi akikuuliza leo jioni dawa hii mpya ni ya nini na inamezwaje, utamwambiaje?” Hapo mzee anazungumza kama mtu anayemwelekeza mwanawe, nafasi ambayo ameizoea na anaifurahia, na mimi nasikiliza. Hoja yako ya tatu, ya anayejua na asimeze, naiacha kwanza, maana ni mlango mwingine kabisa.

Muuguzi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Mnazungumza sana juu ya vidonge, ilhali mimi katika kazi yangu niliona taabu kubwa zaidi kwenye dawa zisizo vidonge.

Anzeni na dawa ya maji ya mtoto. Maelekezo yanasema “kijiko kimoja”, na mama anakwenda jikoni. Vijiko vya jikoni havina kipimo kimoja. Kimoja kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kingine, na mtoto wa kilo nane hana mwili wa kustahimili tofauti hiyo. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka dawa za maji zipimwe kwa mililita pekee, na neno kijiko liondolewe, nami naona walichelewa. Mpeni mama bomba la sindano lisilo na sindano, mwekeeni alama ya kalamu kwenye mstari wa mililita anazotakiwa kuvuta, na avute mbele yenu, hata kama ni maji tu. Mtaona mambo. Wapo wanaosoma sehemu ya juu ya mpira na wapo wanaosoma sehemu ya chini. Wapo wanaoacha pengo la hewa na kulihesabu kuwa dawa. Hayo hayaonekani kwa maneno.

Kuna dawa za kuua bakteria zinazokuja zikiwa unga ndani ya chupa. Maji yaliyochemshwa yakapoa hujazwa mpaka kwenye alama, chupa hutikiswa, na inakuwa dawa ya siku chache tu, kati ya 7 na 14 kutegemea dawa yenyewe na kama inahitaji kuwekwa kwenye jokofu. Asiyetikisa chupa kabla ya kila dozi atampa mtoto maji mepesi siku za mwanzo na tope kali siku za mwisho. Na chupa iliyobaki na nusu isihifadhiwe kwa ajili ya kikohozi cha mwezi ujao.

Halafu inhela ya pumu. Hapo ndipo ninapowaomba msikubali maelezo ya mdomo kabisa. Mwambieni mgonjwa aitumie mbele yenu, na hata yule aliyeitumia kwa muda mrefu aitumie mbele yenu. Anatakiwa kutoa kifuniko, kuitikisa, kutoa pumzi nje mpaka iishe, kuibana kwa midomo, kuanza kuvuta hewa polepole, na hapohapo kubonyeza mara moja huku akiendelea kuvuta kwa kina, kisha kuzuia pumzi hadi kama sekunde 10. Wengi hubonyeza kwanza, dawa ikagonga ulimi na koo, kisha ndipo wanapovuta. Wengine huvuta kwa nguvu kama mtu aliyetoka mbioni, na matokeo ni yaleyale. Utamsikia analalamika kwamba dawa ni dhaifu, daktari anamwongezea nyingine, ilhali ile ya kwanza haijawahi kufika kwenye mapafu. Asiyeweza kulinganisha kubonyeza na kuvuta, hasa mtoto na mzee, apewe kile chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela ili dawa ikae humo kwanza na avute kwa utulivu.

Na mwenye inhela mbili ajue ipi ni ya kuzuia na ipi ni ya kufungua kifua wakati wa shambulio. Ile ya kuzuia, ambayo kwa kawaida ina steroidi, hutumika kila siku hata akiwa mzima kama chuma, na baada ya kuitumia asukutue mdomo na kutema maji, asije akapata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Wengi huiacha hiyo kwa sababu hawaoni nafuu ya papo kwa papo, wakabaki na ile ya kufungua tu, mpaka siku ambayo nayo inashindwa.

La mwisho nitalisema bila aibu, maana umri wangu unaniruhusu. Vidonge vya kuweka ukeni na dawa za kuweka njia ya haja kubwa vimemezwa na watu wengi kuliko mnavyodhani, kwa sababu mtoa dawa aliona haya kutaja mahali vinapokwenda. Alisema “tumia kimoja usiku” akanyamaza. Tajeni mahali. Mkiona haya, mwiteni mwenzenu asiyeona haya.

Mlezi

Shikamoo mama Muuguzi, na salaam kwa wataalamu wote. Mimi si mtaalamu. Ninamhudumia mama yangu mzazi, ambaye ana presha, kisukari na matatizo ya moyo. Alipotoka wodini alipewa dawa mpya, lakini hakuna aliyetuambia zile za zamani zilizoko nyumbani tuzifanyeje. Tulipozipanga mezani tukakuta pakiti mbili zenye majina tofauti kabisa kwa nje, na jina dogo lililoandikwa chini ni moja. Je, ni dawa moja? Na jambo la pili, mama hukiacha kile kidonge cha kuongeza mkojo kila anapokuwa na safari au ibada ndefu. Nimemgombeza mara nyingi bila mafanikio.

Dirisha la Dawa

Dada Mlezi, hilo jina dogo la chini ndilo jina la dawa yenyewe. Lile kubwa ni la biashara, alilolichagua mtengenezaji. Majina madogo yakiwa sawa, hiyo ni dawa moja, na akizimeza zote mbili anameza dozi maradufu. Usimpe zote mbili, na usichague mwenyewe ipi iachwe kabla ya kuuliza leo hii, kwa sababu huenda nguvu zake zinatofautiana na daktari alibadilisha kipimo kwa makusudi.

Ulilokutana nalo halikuwapata ninyi peke yenu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoanzisha mpango wake wa dunia nzima wa kupunguza madhara yatokanayo na makosa ya dawa, lilitaja maeneo matatu ya kutazamwa kwanza: mazingira yenye hatari kubwa, zikiwemo dawa ambazo zenyewe ni za hatari, mgonjwa anayetumia dawa nyingi kwa pamoja, na kipindi ambacho mgonjwa anahama kutoka mikono ya mhudumu mmoja kwenda kwa mwingine. Mama yako yumo katika hayo ya pili na ya tatu, na pengine hata la kwanza, maana hujatuambia kama anachoma insulini.

Nakushauri uweke dawa zote zilizomo nyumbani kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za maumivu, za mafua, za mitishamba na za kupaka, uende nazo jinsi zilivyo ndani ya vifungashio vyake, uzimwage mbele ya mfamasia au daktari, na usiondoke mpaka zimegawanyika mafungu mawili: za kuendelea na za kuacha. Za kuendelea ziandikwe kwenye karatasi moja, kila dawa na jina lake lile dogo, kazi yake, kiasi na saa. Karatasi hiyo iende naye kila kliniki. Angalieni hasa parasetamoli, kwani imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, ambazo ni vidonge 8 vya miligramu 500, na wapo ambao kiwango chao ni cha chini zaidi. Anayemeza ya maumivu na ya mafua kwa pamoja anaweza kulidhuru ini lake akidhani anatumia dawa mbili tofauti.

Sasa kuhusu kidonge cha mkojo, ambacho kwangu ndicho kiini cha ujumbe wako, na kinanirudisha kwenye hoja ya tatu ya Ndugu Tabibu. Mama yako hajasahau. Ameamua, na uamuzi wake una akili: hataki kutafuta choo katikati ya safari au ibada. Ukimgombeza, ataendelea kuacha, ila atakuficha. Muulize daktari wake kama siku hizo kidonge kinaweza kumezwa mapema zaidi au baada ya kurudi; furosemide, kwa mfano, humaliza sehemu kubwa ya kazi yake kwa takriban saa sita, kwa hiyo mara nyingi kuna nafasi ya kupangua saa, mradi asiimeze usiku na kukosa usingizi.

Ripoti ya WHO ya mwaka 2003 ilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao ipasavyo ni kwa wastani wa asilimia 50. Nusu nzima iliyobaki haiwezi kuwa ya wasahaulifu. Aliyesahau anasaidiwa na kisanduku chenye vyumba vya siku saba au kengele ya simu. Aliyeamua hasaidiwi na kengele hata kidogo. Anasaidiwa na mtu atakayemuuliza bila kumhukumu.

Mgonjwa wa Presha

Naomba niseme kwa upande wetu. Daktari anapouliza “unameza dawa zako?” kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu, jibu ni “ndiyo” hata kama sijazigusa kwa wiki mbili. Kisha anapima, anakuta presha iko juu, ananiongezea dozi. Hapo tumedanganyana wote wawili. Swali ninaloweza kulijibu kwa ukweli ni la namna hii: “Watu wengi hupitwa na dozi mojamoja, wiki iliyopita zilikupita ngapi?”

Na jambo jingine ni kwamba mimi nilipewa dawa za mwezi mmoja na nikadhani ugonjwa ni wa mwezi mmoja. Zilipokwisha nikaona nimepona, maana sikuwa naumwa popote. Hakuna aliyenitamkia kwamba presha haina maumivu na kwamba kipimo kikiwa kizuri ni kwa sababu ya dawa. Baadaye nilipobadilishiwa nikaanza kukohoa kikohozi kikavu usiku kucha, nikaiacha kimyakimya nikidhani inaniharibu mapafu.

Tabibu wa Zamu

Ndugu Mgonjwa wa Presha, kikohozi hicho kinajulikana vizuri kwa kundi la dawa ambalo ndani yake wamo captopril, enalapril na lisinopril. Hakiharibu mapafu, na lipo kundi jingine linalofanya kazi inayofanana bila kukohoza. Ungerudi ungebadilishiwa siku hiyohiyo. Ila nakiri kwamba ungerudi tu kama ungekuwa umeambiwa mapema.

Na hapo ndipo ninapokubaliana na mwanzisha uzi zaidi kuliko nilivyoanza. Maudhi ya dawa yakitajwa kabla hayajatokea, mgonjwa huyapokea kama habari aliyoitarajia. Anayeanza rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu aambiwe kwamba mkojo, jasho na machozi vitakuwa na rangi ya chungwa, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe kwamba rifampicin inavipunguzia nguvu na anahitaji njia nyingine. Anayepewa vidonge vya madini ya chuma aambiwe kwamba choo kitakuwa cheusi. Anayeanza dawa ya sonona aambiwe kwamba nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa, lakini kichefuchefu kinaweza kuja siku ya kwanza. Asipojua mpangilio huo, ataiacha kabla haijaanza kumsaidia. Papo hapo atajiwe dalili ambazo hazivumiliwi katika dawa yoyote: kuvimba midomo au uso, kushindwa kupumua, upele unaoambatana na malengelenge au vidonda vya mdomoni, na macho kuwa ya njano. Hizo ni za kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Vilevile zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kutozianza. Prednisolone, ambayo ni dawa ya steroidi, ikitumika kwa muda mrefu hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa sababu mwili umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Dawa za kifafa zikikatizwa, degedege linaweza kurudi kwa kishindo. Propranolol na ndugu zake, dawa za presha na moyo, hazikatizwi ghafla kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Mgonjwa wa dawa hizi aondoke akijua kwamba zikikaribia kuisha anarudi kabla, si baada.

Kuhusu dozi iliyopita, kanuni ya dawa nyingi ni kumeza mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, na usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Dawa zenye kanuni zake za pekee, kama vile methotrexate, warfarini na vidonge vya uzazi wa mpango, ziulizwe mapema siku zinapotolewa.

Na mimi nitaongeza kitu kimoja kwenye vyeti vyangu: kazi ya dawa, kwa neno moja au mawili, “ya presha”, “ya moyo”. Mfamasia ataweza kugundua kosa langu, na mgonjwa atajua anachoacha anapoacha.

Mlezi

Nashukuru sana. Nimeshapata miadi ya kupeleka mfuko wa dawa. Swali langu la mwisho: mama anapata shida kumeza, kwa hiyo huwa navisaga vidonge vyote pamoja na kuvichanganya na uji. Je, nina kosa?

Dirisha la Dawa

Huna kosa, dada, kwa sababu hakuna aliyekuuliza anavimezaje. Lakini simamisha kusaga mpaka viangaliwe kimoja kimoja. Vidonge ambavyo baada ya jina lake kuna herufi kama SR, XR, XL au MR vimetengenezwa ili dawa itoke polepole kutwa nzima. Ukivisaga, dawa ya saa 24 inatoka yote kwa pamoja, na kwa kidonge cha presha au cha kisukari hilo linaweza kumwangusha. Vingine vimevikwa ganda linalozuia asidi ya tumbo isiiharibu dawa, au dawa isiliunguze tumbo. Ganda likivunjwa, kazi hiyo imekufa.

Kuchanganya na uji nako kuna mambo mawili. Akishindwa kuumaliza, hutajua ni dawa gani imebaki bakulini wala kiasi gani. Na zipo dawa ambazo chakula au maziwa huzizuia kufyonzwa: ciprofloxacin ya kuua bakteria hunaswa na madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa, na levothyroxine ya tezi ya shingo humezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na huachanishwa na vidonge vya chuma au kalsiamu kwa saa nne.

Kwa sasa mkalishe wima, anywe funda la maji kwanza ili koo lilowane, kisha ameze kidonge kimoja kimoja kwa maji ya kutosha, na asilale mpaka ipite angalau nusu saa. Siku ya miadi mwambie daktari kwamba kumeza kunamshinda, na ueleze ni vidonge pekee au hata chakula na maji, kwa kuwa shida ya kumeza nayo inahitaji kuchunguzwa chanzo chake. Dawa nyingi zina aina ya maji au ya kuyeyuka mdomoni, na kwa zile zisizo nazo tutakutajia zipi zinasagika. Vile vyenye mstari katikati kwa kawaida vinaweza kukatwa nusu kwa nusu, lakini ruhusa ya kukata haimaanishi ruhusa ya kusaga. Njoo na pakiti zenyewe, si vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti, ili tuzione hizo herufi.